Shamba Lake ni Kalamu

Kule Nabuyoga, mashariki mwa Uganda, Othieno alikuwa na jina ambalo hakulichagua na ambalo asingeweza kulivua hata kwa dawa: Digrii Mbili. Wazee walilianzisha siku ya sherehe yake, miaka ishirini iliyopita, watoto wakalipokea, na sasa hata bibi asiyejua kama digrii ni kitu cha kula au cha kuvaa alimwita kutoka ng'ambo ya shamba la mihogo, "Digrii Mbili! Umefika?" Naye husimama, hunyoosha tai yake ya bluu, na kujibu kwamba amefika. Kisha huendelea na njia akikwepa madimbwi, maana jozi ya viatu ilikuwa hiyo moja tu.

Msomi ni mtu wa kuheshimiwa, nani abishe? Lakini heshima nayo ina kazi zake, na waliosema ukubwa ni jaa hawakukosea. Kwenye kila mazishi kiti cha mbele kilikuwa chake, na hotuba pia ilikuwa yake, hata kama marehemu hakuwahi kumwona. Barua ikitoka kortini au kanisani, aletewe yeye. Mbwa wa jirani akila kuku, aulizwe yeye sheria inasemaje, kana kwamba chuo kikuu huwa wanafundisha mambo ya mbwa na kuku. Mchango ukipitishwa, wengine watoe walicho nacho, yeye akaziwe macho mpaka aongeze. Na mtoto akianguka mtihani, mama yake atamvuta sikio hadi mbele ya Othieno na kumwambia, "Huyu unamwona? Huyu alisoma bila viatu!"

Kuna siku moja iliyomuuma kuliko zote. Mwaka fulani alirudi nyumbani wakati wa palizi, akiwa hana kitu, akachukua jembe la mdogo wake Phillip aende kulima kama watu. Hajamaliza mstari wa pili, bibi mmoja wa ukoo akamjia mbio akampokonya jembe.

"Usitutie aibu," alimwambia. "Watu wa upande ule wakikuona watasema sisi tulisomesha nini?"

Basi Digrii Mbili akakaa kivulini kutwa nzima na tai yake shingoni, akitazama wenzake wakipalilia, na jioni akapewa firigisi ya kuku kama mgeni. Aliila upesi. Alikuwa na njaa kwelikweli.

Kijijini walijua kwamba anafanya kazi forodhani, Busia. Hilo hakulisema yeye. Mtu mmoja wa Mwello, jirani na Nabuyoga, alimwona mpakani, si mbali na geti, amekaa nyuma ya meza yenye makaratasi, akalipeleka nyumbani kama habari njema. Othieno alipoulizwa alicheka tu. Wakachukua kicheko kuwa jibu, naye hakuwarekebisha, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka ikawa ni kweli ya kila mtu isipokuwa yeye.

Meza ile ilikuwa yake mwenyewe, ya mbao za masanduku. Digrii ya kwanza ilikuwa ya historia, ya pili ya utawala wa umma, na utawala pekee aliowahi kuupata ni wa darasa moja la shule ya binafsi iliyofungwa kabla hajalipwa mshahara wa muhula wa pili. Maombi ya kazi aliandika mpaka ulimi ukachoka kulamba bahasha. Mwishowe akaketi mpakani, akawa anawajazia fomu wanawake wanaovusha mayai, maharage na nyanya kwenda upande wa Kenya: jina, kitambulisho, bidhaa gani, imetoka wapi, ina thamani gani. Alikuwa na mwandiko mzuri ajabu. Maafisa wenyewe walikuwa wakiusifu, kisha wanapiga muhuri na kutazama aliye nyuma.

Alikuwa na mke, Joan. Aliishi naye miaka sita kwenye chumba kimoja cha kupanga, halafu Joan akarudi kwao. Alisema alidhani ameolewa na digrii mbili, kumbe ameolewa na tai moja. Othieno hakumlaumu, kwa kuwa hata yeye angekuwa na pa kurudi angerudi.

Meza ya pili pale mpakani ilikuwa ya Edgar, naye msomi wa chuo kikuu, mtu wa mzaha, mwenye kupenda kuanza sentensi na "kitaalamu". Walikaa bega kwa bega miaka tisa. Mwaka jana Edgar aliugua wiki mbili akafa kwenye chumba chake cha kupanga, na ndipo ikajulikana kwamba kwao hakuna anayemjua tena. Ardhi iliuzwa yote akiwa chuoni, na ndugu wametawanyika. Siku tatu wakatafuta pa kumpeleka, wakakosa. Akazikwa kwenye makaburi ya mji, watu saba wakiwa wamesimama kwenye matope, mmoja wao akiwa mwenye nyumba aliyekuja kuuliza nani atamkabidhi ufunguo. Othieno ndiye aliyetoa hotuba. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Woga ulimwingia, woga wa kitoto kabisa, wa kufa mahali ambapo hakuna mtu atakayesema huyu ni wetu, mleteni.

Halafu kazi yenyewe ikafa. Fomu zikaanza kujazwa kwenye simu. Waliojua walijaza wenyewe, wasiojua wakawaachia watoto wao. Truphena, Mkenya aliyekuwa akinunua mayai Busia ya Uganda na kuyauza Busia ya Kenya, mteja wake wa tangu zamani, ndiye aliyekuwa wa mwisho kumkimbia. Siku moja asubuhi alitua trei zake, akakaa kwenye kiti cha mteja bila kutoa kitambulisho.

"Mwalimu, usiniskie vibaya," alisema. "Siku hizi ni kubonyeza tu. Msichana wangu alinionyesha."

"Sawa, mama. Ni maendeleo."

"Maendeleo gani na wewe umekonda hivyo?" Akamtazama kola ya shati, iliyogeuzwa upande wa ndani ikashonwa upya. "Kwani kwenu hakuna shamba? Enda ujenge hata kanyumba ka mabati, ulime, ufuge kuku, mimi nitakuwa nanunua mayai yako. Mwanaume wa umri wako kukaa ploti ya watu ni kujiumiza bure."

Akamwachia mayai manne kwenye karatasi, akavuka. Othieno aliyachemsha yote manne jioni, akala mawili, na alipokuwa anamenya la tatu akaamua kwenda nyumbani kuomba pa kuweka nyumba. Hakutaka shamba. Alitaka hatua kumi kwa kumi, za nyumba ya udongo na kitalu cha sukuma wiki, na siku yake ikifika, za kaburi mbele ya mlango wake mwenyewe. Kwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mzaliwa wa kwanza wa baba yake, si ombi kubwa. Lakini alijua kuna karatasi, na aliyeiandika alimjua vizuri sana.

Inatubidi turudi nyuma kidogo. Baba yao alikuwa na mashamba mawili, la juu na la chini. La juu aliliuza kipande kwa kipande kumsomesha Othieno. Pesa zilipokaza, Phillip alitolewa shule darasa la tano, kwa kuwa ng'ombe wawili hawawezi kunywa kwenye kibuyu kimoja, ndivyo mzee alivyosema. Phillip akachukua jembe akiwa na miaka kumi na mbili, na hadi leo hajaliweka chini.

Siku Othieno alipomaliza digrii ya pili, chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kiliwekwa uani, mirija ikazunguka, ukoo mzima ukaja. Mzee akasimama, akasema anagawa kilichobaki angali hai, watoto wasije wakagombana. Shamba la chini akampa Phillip.

"Othieno shamba lake ni kalamu," mzee alisema. "Amekwisha kulipata, tena kubwa. Lakini mwachieni kona pale karibu na ghala la mtama, aweke nyumba. Mtu hakosi nyumba kwao." Kisha akamgeukia. "Sasa andika, mwanangu. Andika kwa kile Kiingereza cha kortini, asije mtu akabisha."

Hapo ndipo kijana alipopandwa na kitu kichwani, na si malwa. Joho jeusi lilikuwa bado liko mabegani mwake. Alicheka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Baba, kona ya nini? Mimi nitanunua ardhi Tororo mjini. Nitajenga ghorofa, na ninyi wote mtakuja kulala kwangu!" Vigelegele vikapasuka. Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akacheka na wengine. Othieno akainama akaandika, wala kona hakuiandika. Aliandika kwamba yeye, kwa hiari yake na kwa akili timamu, akiwa amekwisha kupokea urithi wake kwa njia ya elimu, anajitoa, yeye na uzao wake, katika kila dai la ardhi ya baba yake, leo na hata milele. Milele haikutajwa na mtu. Aliiongeza mwenyewe, kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia vibaya bila hiyo.

Akaisoma kwa sauti kubwa, wakapiga makofi, baba akaweka dole gumba. Na kwa kuwa mjinga akipewa jukwaa hashuki upesi, akaongeza na somo. Aliwaambia kwamba neno la mdomo ni upepo tu, linavuma na kupita. Lililoandikwa ndilo neno. Hii karatasi, itunzeni.

Wakaitunza. Baba mdogo wao, Ochwo, mwenyekiti wa ukoo, aliifunga kwenye nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo, akaiweka ndani ya sanduku. Mzee alikufa, mama yao akamfuata, na panya hawakuigusa.

Othieno alimkuta Phillip anafunga kamba za turubai uani. Jumamosi kulikuwa na kikao, Phillip akamweleza. Kipande cha shamba kilicho karibu na ghala la zamani, hadi chini kwenye kinamasi, kinauzwa. Binti yake Babra amefaulu, ameitwa chuo kikuu, na hakuna njia nyingine ya kulipa ada. Mnunuzi ni Wandera, mwenye duka kule Masafu.

"Nilikuwa nataka kukutumia ujumbe," Phillip alisema. "Tunahitaji mtu wa kuandika mapatano."

Othieno akasema ombi lake hapo hapo, kabla moyo haujampasuka. Phillip alidhani ni utani, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaikaza kamba, akaifungua, akaikaza tena.

"Lilete kwenye kikao," alisema.

Jumamosi wakaketi chini ya turubai, watu kama ishirini. Ochwo alikuwa na sanduku lake miguuni. Wandera aliketi pembeni na soda mkononi, na kwa ajili yake mazungumzo yakawa ya Kiswahili, maana yeye ni Msamia na Kidhopadhola, lugha ya ukoo, hakijui. Babra alikaa kwenye mkeka na wanawake, msichana mwembamba mwenye daftari. Othieno alipewa kiti cha mbele, kile chenye mikono.

"Leo tunaongea Kiswahili juu ya mgeni yetu," Ochwo alianza. "Lakini kwanza, Digrii Mbili iko na neno."

Othieno akasimama. Alikuwa ameitayarisha hotuba usiku wa kuamkia siku ile, yenye utangulizi na hoja tatu. Yote ikamtoka kichwani. Akasema tu.

"Baba mdogo, ndugu zangu. Mimi sifanyi kazi forodhani. Sijawahi kufanya. Nilikuwa nawajazia fomu wanawake wa mayai, na hiyo kazi nayo imekwisha. Sina mshahara. Sina ardhi Tororo wala mahali popote. Chumba ninachokaa nitatolewa mwisho wa mwezi. Naomba hatua kumi, hapo penye ghala, niweke nyumba."

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akadakia, na turubai zima likajaa kicheko, kicheko cha upendo kabisa, kama mtu anapocheza vizuri mchezo wa kuigiza.

"Wasomi!" mmoja alisema akifuta machozi. "Hawa watu mimi najua. Tajiri kabisa ndiye nalia njaa."

"Sicheki mimi," Othieno alisema. "Ni kweli."

"Othieno," Ochwo akamwita, kwa upole. "Mimi sina hata digrii moja na nyumba iko. Phillip ametoka darasa ya tano na nyumba iko. Sasa mtu ya digrii mbili anakosaje? Hata wewe fikiria."

Alifikiria. Jibu hakuwa nalo, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna kila usiku. Angekuwa mlevi, wangemwelewa. Angekuwa mwizi aliyetoka jela, wangemhurumia na kumpa pa kuanzia. Msomi aliyeshindwa ni kitu ambacho hawakuwa na nafasi ya kukiweka, kwa kuwa wakikikubali itabidi wakubali pia kwamba shamba la juu liliuzwa bure, na utoto wa Phillip nao uliuzwa bure. Aliwatazama mmoja mmoja akaona hawadanganyi. Walimwamini kuliko alivyojiamini yeye mwenyewe.

Phillip akasimama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilitoka shule, kitabu yangu walikupa wewe," alisema. "Shamba ya juu ilikwenda kwa fizi yako. Sikusema kitu. Hii ya chini nimelima na mvua, nimelima na jua. Mtoto yangu sasa ameitwa. Mimi nakata ka kipande kwa sababu yake, kama baba alikata kwa sababu yako. Halafu wewe narudi unataka na hii?"

"Baba alisema niachiwe kona," Othieno alisema. "Siku ile ile. Karibu na ghala. Baba mdogo, wewe ulikuwepo, ulisikia."

Ochwo akakuna kidevu. "Kama nakumbuka kidogo," alisema. "Kona, ndiyo. Kama alisema." Othieno akamsogelea. "Lakini iliandikwa?"

Mzee akafungua sanduku, akatoa nailoni, akaikunjua karatasi taratibu. Ilikuwa imepauka kwenye mikunjo, lakini wino ulikuwa mweusi kama wa jana. Akamnyooshea Othieno.

"Babra naweza kusoma," alisema, "lakini hii ni Kiingereza ya korti. Inataka mwenyewe."

Akaipokea. Mwandiko wake wa ujana ulimtazama, mzuri, wenye mikia mirefu kwenye herufi. Akaanza kusoma, kwanza Kiingereza kama desturi, kisha Kiswahili. Alipofika katikati ya Kiswahili alisita. Pale palipoandikwa anajitoa, ilikuwa rahisi kabisa kusema: isipokuwa kona moja karibu na ghala. Maneno sita tu, na zaidi ya hayo ni ya kweli, baba aliyasema, Mungu ni shahidi. Phillip asingejua. Ochwo asingejua. Wandera alikuwa anahangaika na nzi kwenye soda yake.

Akainua macho yakakutana na ya Babra. Yule mtoto alikuwa amemfuata neno kwa neno kwenye Kiingereza, midomo ikichezacheza, na tayari alikuwa anajua kilichoandikwa. Hakuwa akimtisha. Alikuwa anamngojea, kama mwanafunzi anavyomngojea mwalimu amalize, na mikono yake ilikuwa imeshika daftari kwa nguvu. Kipande kile kilikuwa chuo chake. Kona ikitoka, Wandera ataondoka na pesa zake.

Othieno akasoma kama kilivyoandikwa. Akasoma hiari yake na akili timamu. Akasoma uzao, ambao hakuupata. Akasoma leo na hata milele.

Walipiga makofi. Si kwa ubaya. Kiingereza kile kilikuwa kimewaburudisha tena, kama siku ile ya kwanza. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kifupi kisha akaona haya.

"Umesikia," Ochwo alisema. "Wewe mwenyewe ulitufundisha, neno bila karatasi ni upepo. Sisi tulishika. Mpaka leo tumeshika."

Othieno akaketi. Akaona giza mchana kweupe. Majuto ni mjukuu, lakini yeye mjukuu wake alikuwa amekuja na karatasi mkononi. Alitaka kulia mbele yao wote, apige magoti, awaambie nisaidieni ndugu zangu, mimi si kitu, sijawa kitu siku hata moja. Tai ilimbana shingo. Hakulia. Mtu mwenye kiti cha mikono halii.

Wazee wakanong'onezana. Ochwo akakohoa.

"Sisi hatukutupi," alisema. "Nyumba hapana, kwa sababu karatasi imekataa, na wewe unajua kujenga Tororo, acha mchezo. Lakini damu ni damu. Ukikufa tutakuzika hapa, pale penye ghala. Na kwa ukoo yetu mtu hazikwi bila nyumba, kwa hivyo tutakujengea kibanda siku hiyo. Maiti inalala ndani usiku moja, asubuhi tunakuzika mbele yake, halafu tunabomoa. Wandera, iko na shida?"

"Kaburi moja tu?" Wandera aliuliza. "Hapana, mzee. Kaburi halili mahindi."

"Basi. Hatua tatu kwa mbili." Ochwo akatabasamu, akiwa amefurahi kweli kwamba amepata njia. "Andika, Digrii Mbili. Uandike na ya Wandera, na hii yako ndani. Kwa ile Kiingereza nzuri."

Babra akaleta karatasi. Othieno akatoa kalamu mfukoni, akaweka daftari la msichana chini ya karatasi, akaandika. Aliandika kwamba kipande kimeuzwa kutoka ghala hadi kinamasi. Aliandika kwamba sehemu ya hatua tatu kwa mbili haikuuzwa, nayo imetengwa kwa mwili wa Othieno aliyetajwa, ambaye akiisha kufa atajengewa nyumba ya usiku mmoja. Mkono wake ulijua kazi yake, hata kama yeye mwenyewe hakuwepo. Alipofika mwisho, sentensi ilikuwa inaning'inia, inataka kitu cha kuitua chini, na mkono ukakiandika: leo na hata milele.

Akaisoma. Phillip akaweka sahihi yake ya kuchora, Wandera yake, Ochwo dole gumba. Othieno akatia sahihi mara mbili, kama mwandishi na kama maiti. Makofi yakapigwa tena, na safari hii yalikuwa marefu. Babra peke yake hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Othieno akaona tone limeanguka kwenye mkeka.

"Babra, wewe nalia furaha?" Ochwo akacheka. "Njoo hapa. Baba mkubwa yako akupe hiyo kalamu. Leo shamba yako imekwisha, umesikia? Kutoka leo, shamba yako ni kalamu."

Watu wakamshangilia. Msichana akaja, akapiga magoti mbele ya kiti chenye mikono kama wasichana wa kule wanavyofundishwa, akanyoosha mikono yote miwili. Othieno aliishika kalamu. Alitaka kuirudisha mfukoni. Alitaka kumwambia, mtoto wangu, waambie sasa hivi wakuandikie kona, lia, piga kelele, usiinuke hapo mpaka iandikwe. Lakini wote walikuwa wanatazama, wamesimama, wanangoja neno la msomi.

"Soma kwa bidii," akamwambia, akampa.